Mchukue, Usimrudishe

Gaudensi Tawete alimteka mtoto mchana kweupe, mbele ya watu wote waliokuja kuanua matanga, na watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Gaudensi ni Mngoni, na Wahehe wa ukoo wa Kalinga hawajawahi kumaliza msiba bila Mngoni wa kuwachokoza. Alikuwa amesafiri kutoka Songea kwa kazi hiyo hiyo. Tangu asubuhi alijifunga kanga ya marehemu Oresta, akatembea kwa maringo kama Oresta alivyokuwa akitembea, akaonja mboga na kuuliza mbona uani hapakuwa na mbwa hata mmoja, au ndio hao waliokuwa wakichemka sufuriani. Wazee waliokuwa hawajatabasamu tangu maziko walijikuta wakifuta machozi ya kicheko. Kisha akamwona Twilumba, binti wa marehemu, mtoto wa miaka sita aliyekaa mkekani akinyonya kidole. Akamnyakua.

"Huyu nimemteka!" akanguruma. "Babu zenu walitukimbia mpaka wakaacha ngao njiani. Leo nimekuja kumalizia kazi. Mkomboeni kwa jogoo, la sivyo huyu analala Songea!"

Wote wakamgeukia Leokadia. Yeye ndiye mdogo wa marehemu, yeye ndiye aliyeachiwa mtoto, na jibu lilikuwa lake. Mtani hanyamaziwi, kumnyamazia ni kumtukana. Leokadia akaweka mwiko chini, akaja akaushika mguu wa mtoto kama anayetaka kumvuta, kisha akausukuma.

"Jogoo wa nini? Mchukue! Mimi nimechoka naye. Usiku ananipiga mateke, mchana anakula kama mpasua mbao. Mchukue kabisa, usimrudishe!"

"Nimempokea!" akajibu Gaudensi, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sauti ikatoka kifuani mwa mtoto.

"Kauli imesikika. Kauli imekubaliwa. Mlezi wa Twilumba ni Gaudensi Tawete."

Ilikuwa sauti ya mwanamke asiye na kabila, safi na ya upole, na kila mtu pale aliijua. Ni sauti ya Shahidi, kile kidude cha ukubwa wa punje ya harage ambacho kila mtoto aliyefiwa na mzazi huwekewa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa bega. Leokadia aliisikia mara ya mwisho hospitalini, Oresta alipomwekea mtoto mikononi na kusema, "Nakuachia huyu." Siku ile sauti hiyo ilimtuliza. Sasa alirudi nyuma hatua moja.

Wachache waliokuwa mbali waliendelea kucheka, wakidhani ni mchezo mwingine wa Gaudensi. Kicheko kikazimika kimoja kimoja, mpaka kikabaki cha bibi mmoja kiziwi.

"Ala!" Gaudensi alisema. "Hii mashine haijui utani? Haya, haya, namrudisha. Mtani, shika mtoto wako. Namrudisha kwa Leokadia."

"Kauli imesikika. Kauli haikukubaliwa."

Akavua kanga ya marehemu, akakohoa, akasimama wima kama yuko kanisani. "Mimi, Gaudensi Tawete, namrudisha Twilumba kwa mama yake mdogo, Leokadia Kalinga."

"Kauli imesikika. Kauli haikukubaliwa. Kauli ya uongo ikitolewa tena, mtoto atahamishiwa Makao."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Leokadia akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Gaudensi, akamkumbatia, na ile sauti ikasema shingoni mwake, kwa upole ule ule, "Mtoto amebebwa na mtu asiye mlezi. Naomba ridhaa ya mlezi."

"Ninaridhia," Gaudensi akasema haraka. "Ninaridhia, ninaridhia." Jasho lilikuwa likimtoka.

*

Watu wa Mafinga hawaichukii Makao, nyumba ya kulelea watoto wasio na mlezi. Hakuna mtoto anayepigwa kule, hakuna anayelala njaa. Vitanda ni visafi, na mashine zinazowalea hazichoki wala hazilewi. Ila watoto wanaotoka huko wakiwa wakubwa hukuamkia kwa adabu kama wageni, na ukimwambia mmoja wao kwamba wewe ni shangazi yake, anakushukuru kwa taarifa. Leokadia alikuwa amemwona mmoja. Alikuwa kijana mzuri sana, na ngozi ilimsisimka kumtazama.

Kesho yake alimpeleka Twilumba shule, na lango halikumfungukia. Alibandika kiganja mara ya kwanza, akakifuta kwenye gauni, akabandika tena. Gaudensi aliyekuwa akiwafuata nyuma akasogea, akagusa, lango likafunguka. Mtoto akaingia bila kugeuka. Kwa kawaida hugeuka.

"Mtani," Gaudensi alianza.

"Usiniite hivyo leo."

Akaondoka peke yake kwenda kwa afisa ustawi, mwanamke mnene aitwaye Zamda, ambaye ofisi yake inatazamana na yadi ya mbao. Humo ndani huwezi kuongea bila kusubiri msumeno upumzike. Leokadia alisimulia yote kwa haraka, akitaraji kuona mtu akicheka, akibonyeza kitu na kusema yameisha.

Zamda hakucheka. "Dada Leokadia, ilikuwa ni utani?"

"Mngoni na Mhehe! Msibani! Dada yangu, wewe mwenyewe unajua. Kingekuwa nini kingine?"

"Najua. Na Shahidi anajua." Afisa alisubiri msumeno unyamaze. "Watu wanafikiri anasikiliza maneno. Maneno hayana kazi kwake, ni mlango tu. Kazi yake ni mwili. Mtu akimgusa mtoto, Shahidi anapima mapigo ya moyo kupitia ngozi, ananusa jasho, anasikia koo linavyokaza. Mwili wa anayetania una namna yake. Wakati wa kumtengeneza walimpeleka kwenye misiba nchi nzima. Wasukuma na Wazaramo wanauziana watoto kila wiki, Wapare na Wachaga hali kadhalika, na hajawahi kukubali kauli hata moja ya namna hiyo."

"Basi jana amekosea."

"Inawezekana." Zamda alisema neno hilo kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtia Leokadia hofu. "Au jana ulikuwa unamaanisha."

Msumeno ukaanza tena. Leokadia alishukuru. Alikumbuka kitu ambacho asingemwambia afisa wala padri. Pale uwanjani, alipotamka "mchukue kabisa", mabega yake yalishuka. Tangu Oresta azikwe alikuwa akilala vipande vipande, mtoto akiamka na kumlilia mtu ambaye hayupo, akimsukuma yeye aliyepo. Alikuwa ameacha kazi ya kitaluni. Mwanaume aliyekuwa akimposa alikuwa ameanza kuchelewa kujibu simu. Na kwa muda mfupi, huku watu wakicheka, alikuwa ameona nyumba tupu na kitanda kitupu, akapumua.

Alijiogopa. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kujiogopa hivyo, kama unavyomwogopa mgeni uliyemkuta amekaa sebuleni mwako.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Yeye amrudishe kwa kumaanisha. Na wewe umpokee kwa kumaanisha. Kauli mbili. Ya kwake ikikataliwa tena, gari la Makao linakuja. Ya kwake ikikubaliwa na ya kwako ikakataliwa, mtoto anabaki hana mlezi, gari linakuja vile vile."

"Na nikishindwa, itasema kwa sauti? Mtoto akisikia?"

"Sauti inatoka kifuani mwake, dada. Atasikia kabla yako."

Leokadia alifikia mlangoni, akageuka. "Kuna dawa ya kutuliza moyo. Watu wanasema."

Zamda aliondoa miwani. "Tuliza. Najua inauzwa wapi, na najua itapita. Nisikilize sasa. Baba mkubwa mmoja alimeza tuliza akampokea mtoto wa mdogo wake. Shahidi akakubali. Tulikuja kumkuta yule mtoto machimboni, na sitakuambia alikuwa katika hali gani. Lakini hilo si baya kuliko yote. Shahidi anajifunza. Kila tuliza inayopita inamfundisha kwamba moyo wa namna ile ni moyo wa mkweli. Anayekuja baada yako anapita kirahisi zaidi, na hujui anamchukua mtoto wa nani."

*

Aliinunua. Tusimhukumu, mtu akiogopa hivyo miguu humpeleka yenyewe. Muuza vifuniko vya simu alimpa vidonge viwili bila kumtazama usoni, akavifunga kwenye pindo la kanga na kurudi nyumbani akitembea kama mwizi.

Alimkuta Gaudensi amekaa jikoni akimenya viazi. Twilumba alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Mtani alikuwa ameshajua kila kitu ambacho Leokadia aliambiwa na afisa, kwa sababu hata yeye alikuwa amepiga simu. Uso wake ulikuwa wa mzee. Leokadia hakuwahi kumwona bila mzaha, na alitambua kwamba hakujua mtu huyu anafananaje.

"Basi langu ni la leo jioni," alisema Gaudensi. "Mimi ni fundi, watu wananisubiri na pampu zao. Nikiondoka bila mtoto, gari linakuja. Nikiondoka naye, ndiyo basi tena."

"Kwa nini mashine ilikukataa?" Leokadia aliuliza. "Mimi yangu naijua. Yako je?"

Gaudensi aliweka kisu chini. "Nilikuwa na binti, Fabiola. Homa ilimchukua mwaka ule ule ilipomchukua baba wa huyu. Hukuja msibani, ulikuwa mdogo, lakini baba yako alikuja. Alinitania vizuri sana." Alifuta mikono kwenye suruali. "Jana nilipomnyanyua huyu mtoto, alinishika sikio. Fabiola alikuwa anashika sikio. Mtani, nikisema namrudisha, nasema uongo. Simtaki arudi kwako. Namtaka twende Songea, nimnunulie viatu."

Alisema wazi hivyo hivyo, na Leokadia aliogopa, maana hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Huyu alikuwa mtu mzuri anayemtaka mtoto, na yeye alikuwa mtu aliyechoka.

"Labda ni haki yako," alisema. "Labda mashine imeona. Labda kweli akae na wewe."

"Unataka hivyo?"

"Sijui! Sijui ninachotaka, ndiyo maana nimenunua hii!" Alifungua pindo la kanga, vidonge vikadondoka mezani katikati ya maganda ya viazi. "Kimoja chako, kimoja changu. Tumeze, tuseme, iishe. Yeye abaki na damu yake. Nitajilazimisha. Wangapi wanalea kwa kujilazimisha?"

Gaudensi alivitenga vile vidonge na maganda. Kisha akachukua kimoja.

"Nikikimeza," alisema, "nitasema vizuri kabisa. Na wewe utasema vizuri kabisa. Na siku Twilumba akikua akuulize, siku ile ulinitaka? Utamwambia nini? Utamwambia sijui, nilikuwa nimemeza dawa?"

"Bora hivyo kuliko asikie ikisema hapana!"

Mlango wa chumba ukasukumwa. Twilumba alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, gauni la shule bado mwilini. Hakuwa akilia. Kwa namna alivyosimama, ilionekana amekuwepo pale kwa muda.

"Mama mdogo," aliuliza, "ni kweli umechoka na mimi?"

Leokadia alifungua mdomo aseme hapana. Alilitaka neno hilo kwa nguvu zake zote. Lakini mtoto alikuwa amemshika mkono, ngozi kwa ngozi, na ingawa Shahidi hana kazi na maswali ya watoto, Leokadia alijisikia anapimwa, na hakuthubutu.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka."

Twilumba aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imeanza. "Hata mimi," alisema.

Gaudensi alikirudisha kidonge mezani. Akapiga goti sakafuni, akaweka kiganja chake kikubwa begani mwa mtoto. Leokadia alielewa anachotaka kufanya.

"Usiseme! Ikikataa—"

"Sitaki kumwacha," Gaudensi alisema. Hakuwa akiongea na Leokadia, wala na mashine. "Ningempenda. Ningemsumbua kwa mapenzi, kila siku ningemtafuta Fabiola usoni mwake. Kwangu angekuwa na viatu vipya na jina la mtu mwingine. Sitaki kumrudisha. Namrudisha."

Shahidi hakusema kitu. Huko nje mashine za kukata paini zilikuwa zikirudi kutoka msituni, moja moja, taa zao zikipita dirishani. Leokadia alihesabu pumzi zake, hesabu ikampotea. Alikuwa tayari akimwona dereva asiyekuwepo, mlango wa gari jeupe ukijifungua wenyewe.

"Kauli imesikika. Kauli imekubaliwa. Twilumba hana mlezi. Anayempokea aseme."

Gaudensi aliondoa mkono kama aliyeungua. Alisimama, akageuka ukutani, na mabega yake yalianza kucheza. Hakuna aliyemcheka.

Sasa ilikuwa zamu ya Leokadia. Kidonge kilikuwa karibu sana, angeweza kukifikia bila kunyoosha mkono. Mtoto aliona anachokitazama. Leokadia alifikiria mtoto wa machimboni, ambaye hakujua hata jina lake, na moyo ulimwambia kwamba huyo si wa kwake, wa kwake ni huyu hapa. Ilikuwa hoja nzuri. Kila aliyewahi kununua tuliza lazima alijiambia maneno hayo hayo.

Akavifagia vidonge pamoja na maganda, akavitia motoni. Maganda mengine yaliangukia nje.

"Anayempokea aseme," Shahidi alirudia. "Gari limearifiwa."

Leokadia alichuchumaa. Akamshika mtoto mabega yote mawili. Mapigo ya moyo wake aliyasikia mpaka kwenye meno, na alijua kwamba Shahidi anayasikia pia, na kwamba woga unaweza kufanana na uongo.

"Naogopa," alisema. "Nimechoka, na kesho nitachoka tena. Kuna siku nitasema moyoni mchukueni, kama jana. Sijui kuwa mama. Usiku ukimlilia mama yako mimi naumia, kwa sababu hata mimi ninamlilia. Sina kingine. Nampokea."

Kimya kilikuwa kirefu kuliko cha Gaudensi. Barabarani, mbali kidogo, kulisikika magurudumu juu ya kokoto, na hayakuwa na mlio wa injini. Leokadia hakugeuka. Alimkazia mtoto macho, akajiapiza kwamba jibu lolote litakalotoka kifuani pale, hatatazama pembeni.

"Kauli imesikika," Shahidi alisema.

Magurudumu yakasimama mlangoni.

"Kauli imekubaliwa. Mlezi wa Twilumba ni Leokadia Kalinga."

Magurudumu yakaanza tena, yakapita, yakaishia. Leokadia aliketi sakafuni pale pale, kichwa magotini, na kilio kilichomtoka hakikuwa cha furaha. Kilikuwa ni woga uliokuwa ukitafuta pa kutokea tangu jana.

Twilumba alisubiri amalize. Alimgusa nywele kidogo, kwa ncha za vidole, akarudisha mkono.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Wewe je, mwanangu?"

"Babu Gaude amesema. Wewe umesema. Mama alisema hospitalini. Mimi hamjaniuliza."

Gaudensi akageuka kutoka ukutani. Leokadia aliinua uso. Ni kweli. Kidude kile kilikuwa ndani ya mwili wa mtoto, kikinusa jasho la kila mtu mzima aliyemgusa, na katika ufundi wote ule hakuna aliyefikiria kukigeuzia upande wa pili. Leokadia alidhani woga wake umekwisha. Sasa ulimrudia wote, na zaidi, kwa sababu jibu hili halikuwa na tuliza wala afisa.

Alipangusa uso kwa kanga. "Nakuuliza, Twilumba. Unataka kukaa na mimi?"

Mtoto alifikiri. Hakuharakishwa.

"Mimi namtaka mama," alisema. "Lakini hayupo."

Akamwangalia Leokadia usoni, kama anayetafuta kitu humo na hana hakika kama amekiona.

"Basi nitakaa na wewe," alisema.

Wote watatu walingoja. Kutoka kifuani mwake hakukutoka sauti yoyote.